Akika ni Sunna, Uhai wa Mtoto ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika majumba yetu ya pwani imezuka ada ambayo watu wengi waiona kuwa ni dini, nayo si dini. Ada yenyewe ni hii: kijana wetu aliyekwenda bara kutafuta riziki, akapata mtoto huko Shinyanga, Kahama, Katoro au Geita, huambiwa na wazee wake kwamba akika ya mtoto yule haiwi ila nyumbani kwa babu yake, Tanga au Pangani, Bagamoyo au Dar es Salaam au Unguja. Simu hupigwa siku ile ile ya uzazi. Tarehe hutajwa, jamaa hualikwa, sare hushonwa, na mwalimu wa chuo huarifiwa aje na wanafunzi wake kusoma maulidi. Kisha mwanamke ambaye bado yumo katika nifasi hupandishwa basi, na kitoto chake cha siku kumi au ishirini kifuani, wakaletwa.

Sisi twasema waziwazi kuwa jambo hili halifai. Hatusemi hivyo kwa kuidharau akika, maana akika ni sunna iliyotiliwa mkazo. Wala hatusemi hivyo kwa kuudharau udugu, maana kuunga udugu ni faradhi, na mwenye kuukata ameonywa vikali. Twasema halifai kwa sababu limefanywa zito pale ambapo sharia imelifanya jepesi, na anayeubeba uzito wake ni yule asiye na kauli: mtoto mchanga.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, kwani wengi wanaoamrisha safari hii hawajapata kuisafiri na mtoto mapajani. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Basi hupita Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma na Morogoro. Anayetoka Geita au Katoro huongeza masaa mengine kabla ya kuifikia njia hiyo, na anayekwenda Tanga hana budi kuelekea tena kaskazini akishafika Chalinze. Ni safari ya kutwa nzima na sehemu kubwa ya usiku kwa mtu mzima mwenye afya. Basi husimama dakika chache penye chakula, na kondakta huita watu kabla ya mama hajamaliza kumbadilisha mtoto nepi. Mzazi huyo ana maumivu ya kujifungua, pengine ana mshono, miguu imemvimba, na maziwa ndiyo kwanza yanaanza kushika njia yake.

Na mtoto? Kila mama anayehudhuria kliniki ajua kwamba chanjo apatazo mtoto akizaliwa ni ya kifua kikuu na ile ya kwanza ya polio. Chanjo ya kuzuia kifaduro na dondakoo huanza akitimiza wiki 6, kisha hurudiwa wiki ya 10 na ya 14. Ya surua haifiki mpaka miezi 9. Basi huyu tunayemtia ndani ya gari lililojaa watu wanaokohoa, kisha tukamtia ndani ya ukumbi wenye wageni mia mbili, kila mmoja akitaka kumpakata na kumbusu, hana bado ngao iliyowekwa kwa ajili yake. Na mara nyingi safari yenyewe ndiyo inayomkosesha chanjo, kwa kuwa wiki ya 6 humkuta ugenini na kadi yake imesahauliwa Katoro.

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Leo hata Mnyamwezi amepumzishwa, mzigo tumemtwisha mtoto wa siku kumi.

Sasa tuitazame sharia, tuone kama imetaka haya. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, akika yapendeza ichinjwe siku ya saba. Isipowezekana siku hiyo, wakati wake haujatoka: baba ana nafasi mpaka mtoto abaleghe. Mtoto wa kiume yapendeza achinjiwe wanyama wawili na wa kike mmoja, na hata wa kiume akichinjiwa mmoja, asili ya sunna imepatikana. Nywele hunyolewa, na uzito wake wa fedha hutolewa sadaka. Nyama hupikwa, wakapewa masikini na majirani. Haya ndiyo mambo ya akika. Haikuwekwa sharti kuwa mtoto awepo mahali anapochinjiwa, wala kuwa pawe nyumbani kwa babu, wala kuwa pawe na ukumbi, sare na mpiga picha. Baba anaweza kumwakilisha mtu mwingine amchinjie. Basi babu akitaka sana kuchinja Pangani, na achinje Pangani kwa idhini ya mwanawe, awalishe masikini wa Pangani, na mtoto alale zake Geita chini ya chandarua.

Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Mbuzi yuko Usukumani, nchi ya mifugo, tena mbuzi tele. Baba yuko huko. Mama yuko huko. Mtoto yuko huko. Masikini wa kulishwa wako huko. Kilichoko pwani ni wageni peke yao. Kwa hivyo mtoto wa siku kumi hupelekwa kwa wageni, badala ya wageni kumwendea mtoto! Huku ni kuitukuza sunna, au ni kuutukuza ukumbi?

Wako wasemao: "Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliwafanyia akika wajukuu zake, Hasan na Husein. Basi babu ndiye mwenye haki." Jawabu yetu ni kwamba maneno hayo ni kweli, nayo ni hoja juu yao. Wajukuu wale walizaliwa Madina, jirani na nyumba ya babu yao. Hakuna aliyewatoa mji mwingine kwa mwendo wa siku nyingi ili waje wachinjiwe. Akitaka babu kumfuata Mtume katika jambo hili, na afuate lote: aende alipo mjukuu wake.

Na Mtume huyo huyo alikuwa akiingia katika sala akiwa na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Hiyo ni sala, nguzo ya dini, na imamu wake ni Mtume. Ikiwa kilio cha mtoto kimefupisha sala ya Mtume, vipi hakiwezi kuahirisha karamu yetu?

Wako wasemao: "Asipoletwa, amekata udugu." Hili ndilo neno linalowavunja vijana wetu moyo, na wengi husafiri kwa kuliogopa, si kwa kutaka thawabu. Twauliza: udugu ni njia ya upande mmoja? Kijana aliyeko Kahama ndiye jamaa, na sisi tulioko Tanga si jamaa? Mabasi yaendayo pwani ndiyo hayo hayo yarudiyo bara. Bibi mwenye nguvu zake akipanda basi peke yake, akafika Geita, akakaa wiki tatu na mkwewe, akamkanda kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto, akapika uji wa pilipili manga, huyo ameunga udugu. Kuvuta uzi wa simu na kuamuru waletwe si kuunga udugu, ni kutawala.

Tena tukumbuke kwamba mtoto ana mababu wawili. Vijana wetu wengi wameoa huko huko, kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Mama mzazi wa yule binti yuko hatua chache na nyumba, ndiye aliyesimama naye siku ya uchungu. Sisi twamnyang'anya mtoto siku ya furaha, kana kwamba amezaliwa na upande mmoja. Kisha tukiambiwa kuwa watu wa pwani wana kiburi, twakasirika!

Na wako wasemao neno lililo baya zaidi: "Huko bara nani atamsomea? Huko kuna machimbo, hakuna mashehe." Neno hili ni la ujinga, na ni la dharau. Uislamu ulifika Unyamwezi kwa njia za misafara zamani sana, na Tabora ilikuwa mji wa Waislamu kabla reli ya kati haijawekwa wala Kigoma haijafikiwa na treni mwaka 1914. Shinyanga ina misikiti na vyuo, Kahama hivyo hivyo, na Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ina masheikh wake. Na hata kama mtaa anaokaa kijana wetu una Waislamu watano tu, basi hao watano ndio wenye haki zaidi ya kualikwa. Mbuzi akichinjwa mbele yao, majirani wasio Waislamu wakala wakauliza mna nini leo, wakaambiwa kuwa kwetu mtoto hushukuriwa kwa kulisha watu, hayo ni mafundisho yasiyohitaji kipaza sauti. Akika hiyo hiyo ikifanywa pwani, mbele ya watu waliokula akika mia, hupata wapi faida hiyo?

Mila ya kufanyia akika kwa babu waliiweka wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, wakati watoto wao wakikaa mtaa mmoja nao. Mtoto alitolewa nyumba hii akaingizwa nyumba ile. Lakini dunia imegeuka. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021, na kando ya migodi hiyo wamejaa wachimbaji wadogo na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi, na vijana wetu wakiwa miongoni mwao, wenye maduka ya nguo, migahawa na magari. Ada iliyowekwa kwa ajili ya hatua mia moja haiwezi kuburutwa kilomita elfu moja bila kumuumiza mtu.

Na wako wanaokosea kwa upande wa pili. Hao hutaka akika ifanywe kwenye dhahabu, kwa fakhari, kisha huwaita wa pwani waende na watoto wao wadogo wote ili jamaa wajae. Hapa nako yatupasa kusema. Mtoto wa Unguja au Pemba, ambako malaria imepungua hata kuwa chini ya mtu mmoja katika kila mia, mwili wake haujauzoea ugonjwa huo. Kanda ya Ziwa malaria ingali nyingi. Akipelekwa huko usiku mmoja bila chandarua, anaweza kurudi na homa ambayo kwao haitazamiwi, ikacheleweshwa kupimwa, na katika malaria ya mtoto kuchelewa ndiko kunakoua. Atakayempeleka, na ampeleke na chandarua, na akirudi na homa aseme mapema hospitali kwamba ametoka wapi.

Kuna na hatari nyingine ambayo watu wa pwani hawaijui. Katika sehemu za wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Rwamgasa, dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye makarasha, unga wake huchanganywa na zebaki, kisha donge lake huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengine huchoma nyuma ya nyumba, na wengine jikoni, kwenye sufuria. Moshi huo hauna rangi ya kutisha, lakini hudhuru ubongo wa mtoto na wa aliye tumboni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, na zebaki ni katika mambo liliyoyalalamikia. Basi mwenye nyumba wa huko anayealika wageni wenye watoto, na kwake au kwa jirani yake huchomwa zebaki, au karibu na uwanja wake kuna maduara yaliyoachwa wazi, ana wajibu wa kusema kabla hawajafunga mizigo. Kumficha mgeni hatari ni khiyana, hata kama pilau ni tamu.

Turudi kwenye safari yenyewe, tuseme na jambo ambalo laumiza zaidi kwa Muislamu. Watu hawa wanakwenda kusoma maulidi, kumsifu Mtume. Wametoka alfajiri, wakafika usiku wa manane. Je, Adhuhuri wameisali wapi? Alasiri? Magharibi? Mwenyezi Mungu, kwa rehema zake, amempa msafiri ruhusa ya kupunguza rakaa na kukusanya sala mbili kwa wakati mmoja, na akamruhusu kufungua katika Ramadhani. Wangapi katika jamaa zetu huitumia ruhusa hiyo, wakakubaliana na dereva kabla ya kuondoka, wakashuka Singida au Dodoma wakasali? Na wangapi huziacha tano zote, kisha wakafika wakasimama kwa heshima kwenye maulidi? Mwenye kuvunja faradhi njiani ili awahi sunna mwisho wa njia, biashara yake ni ya hasara.

Tazameni pia tofauti hii: Mwenyezi Mungu, Mwenye haki kuliko wote, amempunguzia msafiri sala na saumu. Mtume ametufundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwa vile humnyima mtu chakula chake na usingizi wake, na akataka mwenye kumaliza haja yake arejee upesi kwa watu wake. Lakini jamaa hawapunguzi kitu! Kwao hakuna udhuru wa nifasi, wala wa mshono, wala wa mvua, wala wa ukosefu wa nauli. Ada imekuwa kali kuliko sharia.

Na madhara ya kujazana siku za shughuli twayajua, si habari ya kuhadithiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa abiria wasiofika 700, ikabeba zaidi ya mara mbili ya hao, na ndani yake mlikuwa na familia nzima nzima, wazee na watoto. Ajali ile haikuletwa na Idi wala na kuzuru jamaa. Ililetwa na tabia ya kusema "tubanane tu, tutafika". Tabia hiyo hiyo ndiyo impandishayo mama basi na watoto watatu kwa tiketi moja, mmoja mgongoni, mmoja mapajani, mmoja amesimama kati ya magoti. Gari likifunga breki kwa ghafla, mikono ya mama haitoshi. Baba anayeokoa nauli ya kiti kimoja, akatumia mara kumi yake kwa sare na picha, hajabana matumizi. Ameupima uhai wa mwanawe, akauona rahisi kuliko kitambaa.

Hatusemi watu wasisafiri na watoto. Mtoto apaswa kuwajua babu na bibi zake, na jamaa wasioonana hugeuka wageni. Twasema safari iwe na wakati wake na adabu yake. Mtoto apite arubaini, apate chanjo za wiki ya 6, na mama mwenyewe aseme kwa kinywa chake kuwa ana nguvu. Kadi ya kliniki iwe mkobani. Mtoto mchanga asipewe maji wala chai ya njiani, anyonyeshwe tu. Mwenye watoto asisafiri usiku, ingawa mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu mwaka 2023. Avunje safari, alale Singida au Dodoma. Na atokaye Dar es Salaam anayo tangu Julai 2024 reli ya kisasa mpaka Dodoma, ambayo humpunguzia sehemu kubwa ya barabara. Anayepitia Mwanza kwenda Geita naye hangoji tena kivuko, kwa kuwa tangu Juni 2025 lipo daraja la Kigongo na Busisi, la kilomita kama 3. Njia zimefanywa nyepesi. Mioyo ndiyo iliyobaki mizito.

Na maneno yetu ya mwisho twayaelekeza kwa watu watatu. Kwanza ni wewe babu. Mwanao akikupigia simu kutoka Geita kukwambia amepata mtoto, neno lako la kwanza lisiwe tarehe ya shughuli. Liwe ni dua, na la pili liwe: mama yake hajambo? Pili ni wewe baba wa mtoto. Utii kwa wazazi ni wajibu, lakini hakuna utii katika kudhuru, na utakayeulizwa juu ya amana hii ni wewe kabla ya babu. Waambie wazee wako kwa heshima, kwa sauti ya chini: tutakuja mtoto akipata nguvu. Tatu ni nyinyi masheikh na walimu tunaoitwa kusoma. Tukiletewa mtoto wa siku kumi aliyetoka Shinyanga, tusipokee bahasha na kunyamaza. Tuwaeleze watu mbele ya sinia kwamba akika ya mtoto huyu ingaliswihi asipoletwa, ili mwaka ujao jirani yao asifanye vile vile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko pwani na walioko bara, awape wazazi wetu huruma na vijana wetu adabu, na atujaalie tuifuate sunna kama alivyoifuata mwenyewe aliyekuja nayo. Amin.